Kabila Lako ni Lipi?

Ikiwa unajifunza Kiswahili, bila shaka umekwisha kukutana na neno kabila. Huja mapema katika vitabu vya kiada, mara tu baada ya jina, umri na mahali unapotoka, katika lile zoezi la kujitambulisha ambalo sisi walimu hulipenda kwa kuwa halihitaji maandalizi: ninaitwa fulani, ninatoka mahali fulani, kabila langu ni fulani. Sarufi yake ni nyepesi. Kabila langu, makabila yetu. Ukiongeza kiambishi u- mwanzoni unapata ukabila, na hapo neno lililokuwa likitaja watu linageuka kutaja ugonjwa wao.

Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi hapa Kampala. Leo nataka kukueleza jinsi neno hilo lilivyoligawa darasa la wanafunzi wa shahada za juu, watu wazima wenye adabu na elimu, ambao wote walikuwa wamesoma miongozo ya maadili ya utafiti inayofanana. Nakueleza kwa sababu huenda nawe siku moja utachukua kalamu na karatasi, ubishe hodi kwenye mlango usio wako, uanze kuuliza.

Lilikuwa darasa la jioni, na wengi wao walitoka nchi jirani. Walikuja kwangu kwa sababu ya kazi: walitarajia kukusanya data mahali ambako Kiswahili ndicho lugha ya kuelewana. Mmoja wao, Mganda anayesomea afya ya jamii, alikuwa akijiandaa kwenda Nakivale. Ikiwa hupajui, hapo ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yamekuwapo tangu wimbi la kwanza la wakimbizi wa Rwanda, karibu na mwaka 1960, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Sokoni humo Kiswahili husikika kwa lafudhi ambazo hutazisikia kwa pamoja Dar es Salaam wala Mombasa.

Dada huyo alileta hojaji yake ili tuitafsiri darasani. Swali la kwanza lilihusu umri. La pili, idadi ya watoto. La tatu: kabila lako ni lipi?

Mwanafunzi kutoka Kigali aliweka kalamu mezani. “Mwalimu, hili naomba tusilitafsiri,” alisema. Hakupandisha sauti. “Swali hili halina Kiswahili kizuri.”

Aliyemjibu alikuwa jirani yake wa karibu kuliko wote, mama mmoja Mrundi kutoka Gitega. “Dada, usiliondoe,” alimwambia mwenye hojaji. “Ukiliondoa, nani atajua kama wote wanapata huduma sawa?”

Mwenye hojaji alitutazama kwa mshangao. Alikuwa amejiandaa kulitetea swali la tisa, lililohusu mimba zilizoharibika. Hilo la tatu aliliona kama salamu. Kamati ya maadili ya chuo chake ilikuwa imekwisha kuipitisha hojaji nzima, na pembeni mwa swali la tatu haikuandika neno.

Tuanze na huyo aliyeliona kama salamu, kwa maana hakuwa mjinga. Miongoni mwa Waganda mtu hujitambulisha kwa ukoo. Atakutajia ekika chake, baba yake, babu yake na mahali walipozikwa wazee. Tendo hilo lina jina lake, okulanya, na kijana asiyeweza kulitenda huwatia aibu waliomlea. Kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, kuulizana ni tahadhari pia. Nchi yenyewe imejenga juu ya mazoea hayo: Katiba ya Uganda ya 1995 ina jedwali linaloorodhesha jamii za asili, 56 hapo mwanzo na 65 baada ya marekebisho ya 2005. Zipo jamii, Wamaragoli wakiwa mojawapo, zilizodai kwa miaka mingi ziingizwe humo. Kwa mtu aliyekulia katika nchi ya namna hiyo, kinachoumiza ni kutoulizwa. Ukimuuliza kabila umempa kiti.

Sasa mgeukie yule aliyeweka kalamu mezani. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Rwanda walianzisha vitambulisho vyenye mstari mmoja uliotaja kundi la mwenye kadi: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno la Kinyarwanda lililotumika hapo ni ubwoko, neno la kawaida kabisa lenye maana ya aina au namna. Hadi leo hutumika hata kwa aina za mazao. Wakoloni wakaondoka, mstari ukabaki. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mtu aliombwa kitambulisho chake, na jibu lililoandikwa pale lilitosha kumwua. Kijana wetu alizaliwa baadaye, hakuwahi kushika kadi ya namna hiyo, kwa kuwa mstari ule uliondolewa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. (Litazame neno kimbari unapopata nafasi. Linatokana na mbari, yaani ukoo.) Lakini amelelewa na watu wanaojua jinsi jibu dogo linavyoweza kusafiri. Kwake hojaji inayouliza kabila ni kizuizi cha barabarani kilichohamishiwa kwenye karatasi.

Na yule mama wa Gitega? Hapa ndipo wengi hushangaa. Kirundi na Kinyarwanda vinakaribiana mno hata wasemaji wake huelewana bila mkalimani, na makundi yanayotajwa ni yaleyale matatu. Burundi nayo ilizika watu wake, mwaka 1972 na tena baada ya Oktoba 1993. Lakini funzo ililolichukua ni jingine. Kulikuwa na miaka ambapo kutaja Mhutu na Mtutsi hadharani kulikatazwa kwa jina la umoja, huku jeshi na vyeo vikubwa vikiwa mikononi mwa kundi moja. Ukimya haukuleta usawa; uliuficha upungufu wake. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliosuluhishwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, na Nelson Mandela, ulifungua njia ya hesabu ya wazi. Katiba ya Burundi ya 2005 ikaandika namba: katika Bunge, Wahutu 60 kwa mia na Watutsi 40 kwa mia, na viti vitatu vya Watwa, katika Seneti, nusu kwa nusu. Mama huyu aliona amani ikija kwa kuhesabiana waziwazi. Mtafiti anayekwepa swali hilo humkumbusha serikali zilizokuwa zikisema hakuna tatizo.

Unaona, msomaji, kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mzembe wa maadili. Kila mmoja alilinda watu. Kila mmoja alikuwa na makaburi nyuma ya hoja yake, au, kwa yule Mganda, wazee wanaopaswa kutajwa kwa heshima.

Wengine darasani niwapitie haraka. Mtanzania alicheka, kwa sababu kwao swali hilo ni mlango wa utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani, na asiyejua kabila la mwenzake atajuaje nani wa kumtania? Hata hivyo serikali yao haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967. Mkenya hakusema kitu. Jina lake la ukoo lilikuwa limekwisha kujibu kabla hajaulizwa, na nadhani alilijua hilo tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alipokuwa mtoto. Tulipofungua sheria tulikuta jambo la kustaajabisha: Kenya na Uganda zote mbili zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019. Ya Kenya inaweka asili ya kikabila miongoni mwa habari nyeti. Ya Uganda inataja dini, siasa, maisha ya kujamiiana, fedha na afya. Kabila haimo katika orodha hiyo. Wabunge nao wana utamaduni.

Usifikiri kwamba haya ni mambo ya Maziwa Makuu peke yake. Sensa ya Marekani imekuwa ikiwagawa watu kwa rangi tangu ile ya kwanza ya 1790, na leo mtafiti wa huko asiyeuliza rangi huulizwa kwa nini hakuuliza. Ufaransa ni kinyume chake: mwaka 2007 Baraza la Katiba lilikataa takwimu zinazojengwa juu ya asili ya kikabila au rangi. Mmarekani na Mfaransa wakikaa darasani kwangu, wangebishana vilevile.

Kuna wanaosema kwamba miongozo ya kimataifa imekwisha kulimaliza jambo hili, na kwamba utamaduni wa mwanafunzi ni ukungu tu unaopaswa kupanguswa ili aione sheria. Mimi sikubali. Miongozo nayo ina kwao. Kanuni za Nuremberg za 1947 zilitoka katika kesi ya madaktari wa Kinazi waliowatumia wafungwa kama panya. Tamko la Helsinki la 1964 liliandikwa na madaktari kwa ajili ya madaktari. Ripoti ya Belmont ya 1979 ilizaliwa baada ya kufichuka kwa yaliyotendeka Tuskegee, jimboni Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume Weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Nyaraka hizo naziheshimu. Ila tazama zinacholinda kwanza: mwili wa mtu mmoja, na uamuzi wa mtu mmoja kuutoa au kutoutoa. Ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa ndilo donda lililoziandika.

Kabila si mwili wa mtu mmoja. Ninapokujibu kwamba mimi ni wa kabila fulani, nimekujibia na kaka yangu aliyeko nyumba ya pili, ambaye hukumwomba ridhaa. Fomu ina mstari mmoja wa sahihi. Wasan wa Afrika Kusini waliliona pengo hili mapema kuliko vyuo vingi. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakitaka mtafiti azungumze na jamii kabla ya kumgusa mtu mmojammoja. Nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo, yule kijana wa Kigali ndiye aliyeandika jina la kanuni hizo daftarini.

Hata hivyo, sikumpa ushindi. Kuna kauli niliyoizoea kuisikia kwa wanafunzi wa kila nchi: “Kwetu hatuulizani mambo hayo.” Mara nyingine ni heshima. Mara nyingine ni pazia. Wafikirie Wabatwa wa kusini-magharibi mwa Uganda, walioondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991. Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2021 kwamba walitendewa isivyo haki, uamuzi huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kuwataja kwa jina na kuonyesha hali yao dhidi ya hali ya majirani zao. Katika hojaji isiyouliza kabila, Mbatwa asiye na ardhi ni mkulima maskini tu kama wengine. Anayefaidika na ukimya huo si yeye.

Basi tulifanyaje na swali la tatu? Pendekezo la kwanza lilikuwa la kistaarabu: badala ya kabila, tuulize lugha ya nyumbani. Wengi walitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkongo mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ndiye aliyetuzuia. Alitukumbusha kwamba huko Kivu Kusini lugha anayozungumza Mnyamulenge nyumbani kwake inatosha kumtambulisha, na kwamba wapo Nakivale watu waliokimbia kwa sababu hiyo hasa. Kubadilisha neno kungewatuliza wanakamati tu. Hatari ya mhojiwa ingebaki palepale. Nakusihi ulikumbuke hili utakapofundishwa tafsida, maana tafsida ni pambo zuri la lugha, lakini katika hojaji huweza kuwa mlango wa nyuma.

Mrundi ndiye aliyeuliza swali lililosaidia, na lilikuwa la kikazi kabisa: “Jibu utalitia wapi katika tasnifu?” Mwenye hojaji akapekua mpango wake wa uchambuzi. Umri ulikuwa na jedwali, idadi ya watoto ilikuwa na jedwali. Kabila halikuwa na jedwali. Alilirithi swali hilo katika hojaji ya mtangulizi wake, naye huenda alilirithi kwa mwingine. Ikiwa ningeruhusiwa kuweka sheria moja ya maadili, ingekuwa hiyo: habari isiyo na kazi isiombwe. Huhitaji utamaduni wowote kuielewa. Lakini, angalia, hatukuifikia mpaka tamaduni tatu zilipokuwa zimegombana mezani.

Baadaye dada huyo alitafakari, akaamua kwamba angependa kweli kujua kama baadhi ya wanawake huogopa kliniki kwa sababu ya kabila la wahudumu. Hiyo ni hoja halali. Alilihamisha swali hadi mwisho wa mazungumzo, akaliunganisha na hofu hiyo, akarudi kwenye kamati ya maadili kuomba idhini ya mabadiliko. Mnyarwanda hakuridhika. Alisema, na sijui la kumjibu, kwamba karatasi huishi kuliko nia ya aliyeiandika.

Tukabakiwa na kazi ya lugha, ambayo ndiyo yangu. Fomu yake ilisema, “Nimekubali kwa hiari yangu.” Nikawaeleza kwamba kukubali ni neno pana mno. Kwa Kiganda, okukkiriza ni kukubali na ni kuamini. Kwa Kinyarwanda, kwemera vilevile. Mama aliyelelewa katika lugha hizo akisema amekubali, huenda ana maana kwamba amekuamini wewe, binti uliyepiga magoti kumsalimu, wala hajazungumzia utafiti. Ridhaa ni nzito zaidi. Inatoka shina moja na radhi, ile ya mzazi, ambayo haichukuliwi kwa haraka na ambayo mwenye nayo anaweza kuizuia. Tuliandika ridhaa.

Kisha tukafanya zoezi ambalo sijapata kuliona katika kitabu chochote cha kiada: kusikia hapana. Katika sehemu nyingi za ukanda wetu mgeni haambiwi hapana usoni. Huambiwa “tutaona”. Huambiwa “baba watoto hayupo”. Huletewa chai, na chai inapokwisha huletewa nyingine, na swali halijibiwi. Huambiwa “Mungu akipenda” kwa sauti inayoshuka. Mwanafunzi aliyelelewa mahali ambako kukataa hutamkwa wazi ataandika kwamba mhojiwa hakupinga. Aliyelelewa hapa husikia kukataa huko mara moja, ila anaweza kujifanya hakusikia, kwa kuwa tarehe ya kuwasilisha tasnifu imekaribia, na mhojiwa ni mtu wa adabu asiyeweza kumfukuza. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Tuliigiza wawili wawili, mmoja mtafiti na mmoja mwenye nyumba, na sharti lilikuwa kwamba mwenye nyumba akatae bila kutamka neno hapana hata mara moja. Mtafiti alipaswa kulitambua, ashukuru, aondoke. Mtanzania aliwashinda wote kwa kukataa. Alimsindikiza mtafiti hadi mlangoni, akamwombea safari njema, naye bado alikuwa akifungua daftari.

Dada yule alikwenda Nakivale, akarudi baada ya wiki kadhaa. Alinieleza kwamba wengi waliliruka swali la kabila alipowaambia wanaweza kuliruka, na wachache walilijibu kwa haraka kama watu wanaotua mzigo. Bibi mmoja hakuliruka wala hakulijibu kama ilivyotarajiwa. Alipoulizwa kabila lake ni lipi, alisema, “Mkimbizi.” Akaulizwa tena kwa upole, akasema vilevile, na kwa Kiswahili safi akaongeza kwamba ndilo kabila alilokaa nalo muda mrefu kuliko lile alilozaliwa nalo.

Msimamizi wake wa tasnifu anataka jibu hilo litiwe katika kisanduku cha “mengineyo”. Yeye hataki. Alikuja kuniuliza kama Kiswahili kinaruhusu kuandika kabila: mkimbizi. Nikamwambia sarufi haina pingamizi, na kwamba hayo mengine akazungumze na msimamizi wake.